Semana na Ini la Célestine

Siku waliyomkata kwa mapanga, Semana alikuwa amebeba maziwa. Alikuwa akitoka Luberizi kwenda mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, kwa pikipiki, madumu yamefungwa nyuma kwa mipira, kama alivyofanya tangu ujana wake. Karibu na Nyakabere akakuta mti umelazwa katikati ya barabara. Akasimama. Wanaume wakatoka kwenye mpunga, miguu yao imejaa tope. Mmoja alimtazama uso na urefu wake, akasema kwa wenzake, "Huyu iko wa kule juu."

Alikuwa wa kule juu kweli. Baba yake alifuga ng'ombe kwenye milima mirefu inayoitazama Uvira, na Semana alishuka bondeni akiwa kijana kutafuta maisha. Lakini hawakumpa nafasi ya kueleza hayo. Panga la kwanza lilimpata begani. La pili likampasua mbavuni. Alipoanguka, pikipiki ilimwangukia miguuni na bomba la moshi likamchoma paja, naye akalala pale akisikia harufu ya nyama yake mwenyewe ikiungua. Walimpiga mateke mpaka waliposikia lori likija. Ndipo wakarudi kwenye mpunga, bila haraka.

Dereva wa lori la mchele alimpakia juu ya magunia. Kwenye zahanati aliyofikishwa, damu yake ilikuwa karibu imekwisha, na dawa za kupimia damu ya kuongezewa zilikuwa zimekwisha pia, kwa sababu barabara ya Bukavu, zilikokuwa zikitoka, ilikuwa imefungwa na mapigano. Wakachukua damu ya mtu aliyekuwepo wakamtilia. Walifanya walichoweza. Semana alipona, akabaki na kovu la kutoka kwapani hadi kiunoni, na ndani yake virusi vya homa ya ini ambavyo hakuna aliyevijua.

Aliyemuuguza ni mke wake, Célestine. Huyu alikuwa binti wa wavuvi wa Kalundu, watu walioishi kando ya Ziwa Tanganyika tangu zamani, na alikuwa akiuza ndagala, samaki wadogo wa ziwani, sokoni pale Semana alipomwona. Ndoa yao ilianza kwa fujo. Siku ya harusi kaka mkubwa wa Célestine, Norbert, aliingia uani akiwa na kasia, akapiga sufuria za wali mpaka zikatawanyika, kisha akampiga Célestine nalo mgongoni mbele ya wageni. "Toka leo sina dada," alisema. "Nenda ukakamue ng'ombe." Miaka ikapita, akazaliwa binti yao Chérie, na Norbert hakuja kumwona. Alipopata habari kwamba shemeji yake amekatwa barabarani, aliwaambia wavuvi wenzake kwamba waliomkata walikuwa wavivu, wangemaliza kazi. Maneno hayo yalimfikia Célestine kabla jua halijatua.

Ugonjwa ulijitokeza Chérie akiwa shule ya sekondari. Kwanza tumbo la Semana lilivimba, miguu ikafuata, macho yakageuka manjano. Jumapili moja, kanisani, katikati ya maombi, alishika benchi lililokuwa mbele yake akatapika damu. Haikuwa damu kidogo ya mtu aliyejikata mdomo. Ilitoka kwa nguvu, nyekundu, mabonge kwa mabonge, ikamrukia mama aliyeketi mbele, na watu wakakimbilia mlangoni wakidhani amepigwa risasi. Daktari wa Uvira alimweleza Célestine kwamba ini limeoza na kukakamaa, damu haipiti tena ndani yake inavyotakiwa, na mishipa ya kooni imevimba mpaka inapasuka.

Baada ya hapo ikaja hali iliyomtisha Célestine kuliko damu. Ini likishindwa kusafisha sumu za mwili, sumu hupanda kichwani. Semana alianza kusahau majina, akawa analala mchana kutwa, na mchana mmoja Célestine alipoingia na uji, alimkuta amesimama nyuma ya mlango ameshika mchi wa kutwangia pondu, majani ya muhogo.

"Mumetoka mu mpunga," alisema. Macho yake hayakuwa yake.

"Baba Chérie, ni minye."

Akampiga nao. Pigo la kwanza lilivunja mkono aliouinua kujikinga. La pili lilimpata kichwani, uji ukammwagikia kifuani, akaanguka kwenye kizingiti. Semana alikuwa akipiga kelele kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao milimani, akiwataja watu waliomkata, akimwambia mke wake kwamba safari hii hawatamkuta mikono mitupu. Jirani yao Octave, katekista wa mtaa wao wa Kavimvira, aliruka ukuta na kumlaza chini, akamfunga kwa kitenge. Kesho yake, baada ya dawa, Semana alimwona mkewe amefungwa plasta akamuuliza nani amemfanyia vile. Célestine alisema alianguka. Aliyemwambia ukweli ni Chérie, na Semana alilia hadi akatapika damu tena.

Daktari alisema hakuna dawa iliyobaki, ila ini jingine, na hilo lingewekwa India. Ndugu wa Semana walioko ng'ambo na makanisa ya watu wa milimani wakasaidiana kuchanga fedha. Ini lilipaswa kutoka kwa mtu hai wa karibu, kwa kuwa ini la mtu mzima likikatwa nusu, kila nusu hukua tena. Kaka zake wawili walipimwa, wote walikuwa na virusi. Chérie alikuwa hajafikia umri.

"Munipime minye," Célestine alisema.

Damu zao zilikubaliana. Mama yake Célestine, mzee Kankindi, aliposikia, alimwambia kwamba tumbo hilo alilizaa yeye, na hakulizaa likapasuliwe kwa ajili ya mtu aliyemvunja mkono. Célestine alimjibu, "Mama, aliyenivunja mukono ni ugonjwa." Akaenda.

Kwenye hospitali moja ya Delhi, huko India, waliwapasua wote wawili, katika vyumba vya jirani, kutwa nzima. Célestine alipozinduka alihisi kama amechinjwa na kusahauliwa, kwa maneno yake mwenyewe. Semana alizinduka na mirija puani, shingoni na tumboni, na mshono mkubwa umelikata lile kovu la panga. Siku za kwanza zilikuwa nzuri. Macho yalianza kuwa meupe. Halafu, kabla juma halijaisha, vipimo vya damu vikaharibika, homa ikapanda, na manjano ikarudi.

Walimpitishia tumboni mashine ya ekografi, inayoonyesha picha ya ndani ya mwili. Daktari mwanamke aliyekuwa akimpima alisogeza kile kifaa huku na huku, akaita mwenzake. Damu ya mshipa mkuu wa ini ilikuwa inaingia kwa unyonge, karibu haionekani. Wakampeleka kwenye kipimo kikubwa kuona kama mshipa umezibwa na damu iliyoganda. Haukuwa umezibwa. Ulikuwa wazi kabisa.

Mkalimani wao alikuwa Rénovat, mwanafunzi Mrundi aliyesomea pale na kuwasaidia wagonjwa wa kwao. Alisimama kando ya kitanda akisikiliza daktari, kisha akageuka kwa Semana.

"Mzee, anasema hivi. Kuna mshipa mumoja unatoka kwenye moyo, halafu unagawanyika njia mbili. Moja inaenda ku ini, ingine inaenda ku bandama. Miaka yote uliyougua, bandama lako lilivimba, likawa kubwa sana. Sasa linavuta damu yote. Ini jipya liko na njaa. Likikosa damu, njia za nyongo zitakufa ndani yake, na ini litaoza."

"Sasa wanataka nini?"

"Wanataka kuingia tena."

Semana hakusubiri neno la pili. Aling'oa sindano ya mkononi, damu ikaruka kwenye shuka. Nesi alipomshika alimpiga kiwiko cha mdomo, akateremsha miguu kitandani na mirija yote ikiwa bado imemning'inia tumboni. Alikuwa amekatwa na watu wasiomjua, akakatwa tena na madaktari, na alikwisha kuapa moyoni kwamba hakuna chuma kingine kitakachoingia mwilini mwake. Wauguzi wanaume walimkandamiza. Aliwatukana kwa lugha zote alizozijua. Mshono ulianza kuvuja.

Célestine alisikia kelele kutoka wodi ya pili. Alikuwa bado hawezi kusimama wima, kwa hiyo walimleta kwenye kiti cha magurudumu, ameshikilia tumbo kwa mto. Aliwaambia wauguzi wamwachie. Walimwachia nusu.

"Baba Chérie, unitazame."

Akamtazama.

"Iyo ini iko yangu. Weye umebeba tu. Nilipasuliwa kama mbuzi ili uipate. Kama unataka kufa, uirudishe kwanza."

Rénovat hakutafsiri. Daktari aliuliza amesema nini, na kijana akajibu kwa Kiingereza kwamba mama anamsihi mumewe. Kisha akawaeleza wote wawili kile ambacho Semana hakukisubiri: safari hii hakuna kupasuliwa. Watatoboa tundu dogo kwenye kinena, dogo kuliko punje ya mchele, wapitishe mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka ufike kwenye njia ya bandama, na kuiziba njia hiyo kwa nyuzi laini za chuma zinazojikunja kama springi. Damu ikikuta njia hiyo imezibwa itageukia ini. Bandama litabaki na vijinjia vyake vya pembeni, vitalitosha.

"Na kama hawafanye?" Semana aliuliza.

"Utakufa, mzee. Au watafute ini lingine."

Semana akalaza kichwa kwenye mto. "Niko macho wakifanya?"

"Uko macho."

"Basi nitaona."

Aliona. Walimlaza chini ya mashine kubwa, wakamchoma ganzi kinenani, na alichosikia baada ya hapo ni kusukumwa tu, kama mtu anayepitisha uzi ndani ya pindo la nguo. Kwenye kioo cha mashine aliona mrija ukipanda, mweusi, ukitafuta njia. Daktari akasukuma dawa inayoonekana kwenye picha, na Semana akaona kwa macho yake damu ikikimbilia kushoto, kwenye bandama, ikijaa huko kama mto Ruzizi wakati wa mvua, huku upande wa ini kukibaki uzi mwembamba usio na nguvu. Kisha nyuzi za chuma zikatoka kwenye ncha ya mrija, moja baada ya nyingine, zikajikunja mahali pake. Wakasukuma dawa tena. Safari hii mishipa ya ini iliwaka yote, matawi mpaka vijitawi. Daktari aliyekuwa akifanya kazi alisema neno moja, na watu waliokuwa nyuma ya dirisha wakapumua.

Baadaye bandama lilimuuma vikali. Kwa siku kadhaa alihisi kama mtu anamfinya ubavu wa kushoto kwa koleo, homa ikaja na kuondoka. Lakini vipimo vilianza kushuka, mkojo ukawa mweupe, na akala. Nesi aliyepigwa kiwiko mdomoni alikuja na uvimbe wake, akamwonyesha, akacheka. Semana aliomba radhi kupitia kwa Rénovat. Nesi akasema ameshapigwa na wagonjwa wenye nguvu zaidi.

Walirudi Uvira wakiwa wawili wenye makovu yanayofanana. Semana alitakiwa kumeza dawa asubuhi na jioni maisha yake yote, maana bila dawa mwili wake ungeligeukia ini la mkewe na kulishambulia kama adui. Kwa muda maisha yalitulia. Kisha vita vikashuka kutoka Kamanyola, kaskazini mwa bonde.

Watu wa bondeni walipita Uvira kwa siku nyingi, wamebeba magodoro na watoto, wakielekea Burundi, au Fizi kule kusini. Mabomu yalianza kuanguka Kavimvira mchana, watu wakiwa sokoni. Moja liliua wanawake waliokuwa wakipanga nyanya, na Octave alisaidia kuokota miili kwa toroli. Njia ya mpakani ilifungwa kwa risasi. Na kama ilivyokuwa kila mara mji ulipoogopa, vijana wenye silaha walianza kutafuta watu wa milimani, wakisema ndio waliowaita maadui.

Walifika kwa Semana alasiri. Walivunja mlango ingawa haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Kiongozi wao alikuwa na bunduki, wengine mapanga na rungu. Nyuma yao, ameshika fimbo ya mtumbwi, alikuwepo Norbert.

Walimburuta Semana mpaka uani wakampiga rungu magotini. Chérie alijificha nyuma ya pipa la maji. Célestine alijitupa juu ya mumewe, wakamvuta nywele, akarudi tena. Kisha akasimama na kuinua blauzi yake mpaka kifuani, mbele ya vijana wale ambao baadhi aliwahi kuwauzia samaki wakiwa watoto. Kovu lilionekana lote.

"Nusu ya ini yangu iko ndani ya huyu muntu," alisema. "Mukimukata, mumenikata minye."

Kiongozi alitazama kovu. Akatabasamu. "Basi tutaitoa, tukurudishie." Akampa mwenzake bunduki, akachomoa kisu kiunoni, akampiga Semana goti kifuani na kumchana shati.

Norbert alisogea. Alimshika yule kijana mkono wenye kisu. "Iyo ni ya dada yangu," alisema. "Musiiguse."

"Mzee, toka."

"Nimekuambia, musiiguse."

Kijana alijaribu kujinasua, Norbert akampiga na ile fimbo usoni, pua ikavunjika. Aliyeshika bunduki alifyatua. Labda alitaka kutisha tu, labda hapana. Risasi zilimpata Norbert tumboni na kifuani, akakaa chini taratibu kwenye ukuta wa choo, kama mtu aliyechoka. Vijana walirudi nyuma. Walikuwa wameua mtu wao, mvuvi wa Kalundu aliyejulikana na kila mama wa mtaa ule. Mmoja alianza kulia kwa sauti. Wakamwinua kiongozi wao, damu ikimtiririka puani, wakatoka mbio.

Célestine alimshika kaka yake kichwa. Walikuwa hawajazungumza tangu harusi.

"Pirogi yangu iko ku Kalundu," Norbert alisema. "Pierre atawavusha." Pierre alikuwa mwenzake wa kuvua kwenye mtumbwi huo. Célestine alimwambia anyamaze, atampeleka hospitali. Norbert akakata roho kabla dada yake hajamaliza kusema.

Octave alisema atamzika yeye, wao waondoke kabla wale hawajarudi. Célestine alikataa. Octave na Chérie walimtoa kwa nguvu, akipigana nao, akimuuma Octave mkono.

Pierre aliwavusha ziwa pamoja na familia nyingine, jua likiwa bado halijatua, kwa sababu hapakuwa na wakati wa kungoja giza. Walipokuwa wameacha ufuko, risasi zilipigwa kutoka juu ya mji, zikiingia majini zikitoa sauti ya mafuta yanayokaangwa. Mwanamke aliyekaa mbele alipigwa shingoni, akalalia kifua cha mtoto wake. Semana alimlaza Chérie chini kabisa ya mtumbwi. Alinyoosha mkono kwa mkewe.

"Usiniguse," Célestine alisema. "Kaka yangu amekufa, na weye unapumua."

Semana aliurudisha mkono. Walifika Burundi usiku.

Dawa alizokuja nazo zilikuwa chache. Kwenye kambi ya wakimbizi alizigawa, akameza nusu, mpaka daktari wa Bujumbura aliyempima alipomkaripia na kumtafutia nyingine. Ini lilikuwa limestahimili, damu ilikuwa inapita vizuri. Célestine alisikiliza habari hizo akiwa amesimama mlangoni, uso wake haukubadilika. Semana angependelea amtukane.

Mzee Kankindi alikuwa ametangulia kambini. Semana aliomba kwenda kwake. Célestine alimwambia asiende. Alikwenda, akachuchumaa mbele ya hema la mama mkwe wake, huku wanawake wa Kalundu wakitazama.

"Mama, nimekuja," alisema. "Norbert alikufa kwa sababu yangu."

Kikongwe aliinuka kwa shida. Akampiga kofi. Akampiga jingine, na jingine, kwa mkono wote, mpaka mdomo wa Semana ukatoka damu, na hakuna aliyemzuia. Semana hakuukinga uso. Mama mkwe alipochoka alikaa chini, akahema kwa muda mrefu.

"Dada yake Norbert anasema unakunywa nusu ya dawa," akasema.

"Nilikuwa nakunywa nusu. Sasa ninakunywa yote."

"Ukikufa sasa, Norbert alikufia nini?"

Semana alifuta damu mdomoni.

Bado wako upande ule wa ziwa, kambini. Miguu ya Kankindi haimruhusu kusimama foleni ya maharage, kwa hiyo Semana husimama badala yake. Célestine alikaa wiki nyingi bila kumwita kwa jina lolote, kisha asubuhi moja, akiwa anafua, akamwita Baba Chérie ili amletee ndoo. Aliileta. Hawajazungumza habari za uani kule Kavimvira. Kila Semana anapofika na maharage, mama mkwe wake humuuliza kwa sauti ya ukali kama amemeza dawa, naye hujibu, "Nimekunywa, mama," na kikongwe humwambia afungue mdomo aone.